Kabla Hujaiona Malindi

Kabazi, Alhamisi alasiri

Nyambura, mama yangu,

Tangu uzaliwe nimekuita mama, kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na mtu hamwiti mama yake kwa jina kama anayeita mbuzi. Leo nakuita hivyo tena nikijua unaweza kukunja uso, maana neno hilo limetuletea shida katika nyumba hii. Nitafika huko. Kwanza nikupe habari njema: unakwenda mahali pazuri kuliko popote ambapo macho yangu yamewahi kutua, ukiondoa uso wa mtu mmoja ambaye najizuia nisimtaje katika aya ya kwanza.

Umeenda Subukia kumuaga rafiki yako, nami nimekaa mezani na kalamu. Maagizo sina. Shangazi yako amekwisha kukupa yote, ya mlango, ya maji ya kunywa, ya kanisa na ya wanaume, na aliyasema kwa sauti kubwa hata ng'ombe wameyashika. Mimi nataka kukuambia kuhusu Malindi. Nilikaa huko wiki moja tu, na wiki yenyewe ilikuwa fungate, kwa hiyo labda mimi si shahidi mzuri. Mtu mwenye furaha huona hata tope likimeremeta. Lakini wewe unakwenda kuoka mikate katika hoteli, utapata siku za mapumziko, na naogopa utazimaliza chumbani na simu mkononi.

Naandika pia kwa sababu kesho asubuhi unaondoka, na wewe na Wairimu hamjaambiana neno zaidi ya salamu tangu arusi yetu. Mmekuwa mkipishana jikoni kama magari mawili kwenye daraja jembamba, mmoja anasimama kando mwingine apite. Ukiondoka hivyo, nyumba hii itakuwa yake peke yake, nawe utakuwa mgeni anayekuja Krismasi akikaa pembeni mwa kiti. Hilo ndilo linaloniumiza. Mengine yote, mama, ni raha tupu.

Sasa Malindi.

Kosa la kwanza nililifanya kabla hatujatoka hapa. Nilibeba gunia la viazi na blanketi. Nilijiambia mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na pia haendi kulala ugenini akitegemea matandiko ya wenyewe. Tulikuwa tumepanga chumba kwa mama mmoja wa mtaa wa Shela, Bi Zuhura, mjane mwenye uso mpana na maneno matamu. Nilipoteremsha blanketi akaligusa kwa kidole kama kitu kilichokufa, akaniuliza, "Hili la nini, kaka? Kuna mgonjwa?" Usiku ule nilijua kwa nini aliuliza. Huko joto halitoki jua likizama, linaingia ndani kukaa nawe. Lakini viazi vilipendwa. Bi Zuhura alivikaanga na unga wa njano na ndimu, viazi karai, akawaita majirani waje waone viazi vya bara vilivyo vikubwa. Wiki nzima nilikuwa mtu maarufu katika kichochoro kile. Ukienda, beba viazi. Blanketi liache.

Asubuhi ule mahamri na mbaazi za nazi. Usiulize maswali, kula. Mimi nilidhani mbaazi ni mbaazi, nilivyozijua za shuleni, ngumu kama kokoto. Zile zimelazwa katika tui hadi zimesahau kwamba ziliwahi kuwa ngumu. Wairimu alifunga macho alipoonja. Nilimtazama nikasahau kula changu, na Bi Zuhura akaguna, akasema wabara wakipendana husahau hata njaa. Ninajua hutaki kusikia haya kutoka kwa baba yako. Vumilia kidogo, nina miaka mingi ya kunyamaza ninayoilipia.

Bahari, basi. Nyambura, nimeishi zaidi ya nusu karne bila kuiona. Tulipofika tu nilimshika Wairimu mkono, tukatembea kwa haraka isiyofaa watu wa umri wetu, na tulipotokea ufukweni bahari haikuwepo. Naapa. Palikuwa na mchanga, na mawe yenye majani ya kijani, na vidimbwi, na mbali kabisa mstari mweupe. Nikakasirika. Nikafikiri imekauka, kama tulivyoona Ziwa Nakuru likikauka nilipokuwa kijana, kabla halijaanza kuvimba na kumeza nyumba za watu. Mwanamke aliyekuwa akiuza bajia pale alinitazama akaona mgeni. Akaniambia, "Maji yamekupwa, mzee. Yatarudi yenyewe, hayaitwi."

Sisi tukavua viatu tukaviweka juu ya jiwe, kama unavyoviacha ukingoni mwa shamba ukiingia kupalilia, tukaenda kutembea kule ambako bahari ilikuwa. Tuliona nyota za bahari, na kitu chenye miiba kama nungunungu mdogo, na samaki wa rangi ambazo sikujua Mungu amewapa samaki. Wairimu alikuwa ameinua sketi yake hadi magotini akicheka peke yake. Na nikakumbuka, nikiwa pale katikati ya kidimbwi, siku ile baada ya arusi nilipowalazimisha nyinyi wawili mpike mukimo, mponde viazi na mahindi pamoja. Nilisimama mlangoni kama prefekti. Mlipika, hamkusemezana, na mukimo ule ulikuwa na chumvi mara mbili kwa sababu kila mmoja aliweka yake asimwulize mwenzake. Mimi nikaula wote, nikausifu. Nilikuwa nikiita maji.

Bahari iliporudi haikuja kwa mstari kama ng'ombe wanaorudi zizini. Iliingia kando kando, kwenye mifereji ambayo hatukuiona, ikatuzunguka kwa nyuma. Tulitoka maji yakiwa mapajani, na jiwe letu la viatu halikuwepo tena. Kiatu kimoja cheupe cha arusi cha Wairimu kilikuwa kinaelea kikielekea Bara Hindi. Nilikifuata na suruali yangu nzuri nikakishika. Cha pili kikaenda. Viatu vyangu sijui hata vilikwenda lini. Tulirudi kwa Bi Zuhura peku, na njiani vijana wanaouza vinyago wakanisalimia kwa Kiitaliano, "Ciao, ciao," nami nikajibu, "Niaje." Waliangua kicheko. Mmoja akaniambia, "Boss, wewe umetoka Nakuru, usikatae." Utaona huko Kiitaliano kimetapakaa, kuanzia kwenye mabango hadi kwenye aiskrimu. Aiskrimu ile ule ukiwa umekaa. Ukitembea nayo itafika kwenye kiwiko kabla hujafika kona.

Nenda kwenye nguzo ya Mreno, ile ya Vasco da Gama uliyoisoma kwenye historia. Nenda asubuhi. Mimi nilidhani ni mnara mkubwa, kumbe ni kitu cheupe cha kadiri, chenye msalaba juu, kimesimama kwenye ncha ya mawe na bahari imekizunguka pande tatu. Upepo unavuma hapo hadi unakusukuma kifuani. Mwalimu wangu wa historia alitukaririsha habari za yule Mreno mpaka nikamchukia. Lakini ukisimama pale unajiuliza mambo mengine. Mtu anatoka kwao, hajui anakokwenda, anafika mahali wenyeji wanampokea, wanampa hata mtu wa kumwonyesha njia. Nilimwambia Wairimu hivyo, akasema yeye anamfikiria mama yake Vasco, kama aliambiwa. Huyo ndiye Wairimu. Unamwonyesha nguzo, anaona mtu aliyebaki nyumbani.

Siku nyingine tukaenda Marafa, ambako ardhi imebomoka ikaacha bonde la minara ya udongo, mwekundu, mweupe, wa waridi. Aliyetutembeza alikuwa bwana mwembamba mwenye kofia, anajivunia shimo lile kama ni lake. Mimi nikamwambia sisi tunatoka Bonde la Ufa, aje siku moja aione Menengai ndipo ajue shimo ni nini. Akatabasamu, akasema, "Ngoja jua lishuke, mzee wangu." Lilipoteremka mwanga ukaingia ndani ya ule udongo, ukawaka kama makaa. Sikuitaja Menengai tena. Alitusimulia kwamba hapo zamani paliishi ukoo tajiri sana, wana ng'ombe wengi hadi walikuwa wakioga maziwa, na Mungu akakasirika akawadidimiza. Ungemwona Wairimu. Hakuguswa na kudidimizwa, aliguswa na maziwa. Aliuliza kama yalikuwa ya asubuhi au ya jioni, na ndama walinyonya nini. Yule bwana alisema katika miaka yote ya kusimulia kisa kile hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu ndama. Nilimpenda upya, pale pale kwenye vumbi.

Na mahali ambapo mto Sabaki unaingia baharini, nenda na mtu anayejua njia, kwa sababu kuna matope. Usiponiamini mengine yote niamini hili: kuna heroe. Flamingo wetu. Wamesimama kwenye maji machafu ya mto, waridi kwa waridi, wameinamisha shingo wanakula, kama nilivyokuonyesha ukiwa mdogo ukiwa umekaa mabegani kwangu pale ziwani. Tangu ziwa lilipojaa tumekuwa tukilalamika hapa kwamba wametukimbia. Hawakutukimbia, wana mahali pengi pa kuishi. Niliwapigia kelele, "Wasee wa Nakuru," na Wairimu akaniomba nijiheshimu. Siku utakapopakumbuka nyumbani kupita kiasi, panda gari uende ukawaone watu wako.

Sasa nifike Gede, maana huko ndiko nilikopata somo langu, na sikulipata kwa magofu.

Gede ni mji wa zamani ndani ya msitu. Kuta za mawe ya matumbawe, misikiti bila paa, visima virefu, milango ambayo hakuna nyumba nyuma yake, na miti imeshika kuta kwa mizizi kama vidole. Kuna kima pale wasio na haya. Mmoja alininyang'anya hamri mkononi, akaketi juu ya ukuta wa jumba la mfalme akalila akinitazama usoni. Nilitarajia Wairimu acheke. Hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja kwenye nguzo ya mlango. Nikamuuliza kama joto limemzidi.

"Ulicheka," akaniambia.

Nikamuuliza nilicheka lini.

"Siku ya arusi. Nilipomwamkia Nyambura mlangoni. Wanawake walicheka, na wewe ukacheka, na yeye alikuona."

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Ulikuwa umesimama mlangoni na funguo za stoo mkononi, zile ulizozishika tangu mama yako alipotutoka, ukiwa bado msichana wa kidato cha kwanza, na nyumba hii haikulala njaa hata siku moja. Wairimu alishuka kwenye gari, akapita wageni wote, akaja akainama mbele yako akasema, "Nimefika, mama. Nipokee." Na shangazi yako, kwa ile sauti yake, akasema huyo ndiye mama mkwe kweli kweli, hata yeye amewahi kunyimwa sukari na zile funguo. Hema lote likaangua kicheko. Wewe ukaweka funguo mezani ukatoka kwa mlango wa nyuma. Ulidhani amekufanyia mzaha mbele ya watu, na mimi, baba yako, nimeunga mkono.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa na furaha, na siku ile ningecheka hata kwa nyumba kuungua. Hilo nimelijua nikiwa mzee, na nakupa bure: huzuni humfanya mtu asikie kila kitu, hata panya darini, lakini furaha huziba masikio. Ulikuwa umesimama hatua chache kutoka kwangu na sikukusikia.

Pale Gede Wairimu aliniambia, "Mimi sikuwa nacheza, Baba Nyambura. Bibi arusi hupokelewa na mama mkwe. Mama yako alishazikwa. Kwenye gari nilikuwa naogopa, nikijiuliza nitaingiaje nyumba ya watu bila wa kunipokea. Kisha nikamwona msichana mlangoni, ana jina la mama yako na ana funguo. Nikasema, kumbe yuko."

Nilitaka nikupigie simu pale pale. Alinikataza. Alisema utadhani nimetumwa. Tuliporudi nikawa nangoja siku nzuri, na siku nzuri kwangu ni ile ambayo sijaanza kuzungumza. Ndiyo maana umesikia jambo hili kwa barua, na ni mkesha wa kuondoka kwako. Sijivunii.

Nyambura, nimekutazama miezi hii ukijikaza kama mtu anayesubiri kuombwa kitu. Nadhani unangoja siku nitakayokuambia umwite Wairimu mama. Sitakuambia. Mama yako alikuwa mmoja, ninamkumbuka, na Wairimu hunisaidia kumkumbuka, huniuliza alipenda nini nami humjibu. Hakuna anayekuomba umwite mama. Kwa mila yetu mambo yamegeuka: ni yeye anayeomba ruhusa ya kukuita wewe. Mama mkwe hadaiwi mapenzi na mke wa mwanawe. Anadaiwa kupokea tu, akitaka.

Na bibi arusi haendi kwa mama mkwe mikono mitupu. Siku yetu ya mwisho Malindi tuliingia mji wa kale, kwenye maduka ya vitambaa, vichochoro vinavyonukia udi na halwa. Mimi nilichoka baada ya duka la pili. Yeye ni fundi wa kushona, ulimi wake uko kwenye vidole. Alimuuliza mwenye duka msichana anayefanya kazi karibu na tanuri katika joto kama lile avae nini, kisha akavuta marobota hadi yule mzee wa watu akaketi. Akachagua pamba nyepesi, zambarau hafifu kabisa, rangi ya maua ya viazi mvua ikiwa imetenda haki. Akaniambia ukipakumbuka Kabazi utakuwa umepavaa.

Hukutaka kupimwa, na yeye hakuthubutu kuomba. Alikupima kwa macho ukiosha vyombo. Kisha akaipima sketi yako kwenye kamba ya nguo, akichungulia barabarani kila saa, akijua ukimkuta utasema anapekua. Mimi nilikuwa mlinzi, na mlinzi mbaya, maana siku moja nilisinzia na ulikuwa umekwisha fika langoni. Alijirusha nyuma ya tangi la maji. Mwanamke mwenye heshima zake zote, kiongozi wa akina mama kanisani, amechutama nyuma ya tangi kwa ajili yako.

Gauni liko tayari, isipokuwa pindo. Mabega alikisia, kiuno alikisia, lakini pindo anasema halikisiwi. Ni lazima mwenyewe asimame juu ya stuli, atulie, na fundi apige magoti chini azunguke naye akichoma pini. Ni kazi ya muda wa chai kupoa. Si lazima mzungumze. Yeye hataweza hata akitaka, atakuwa na pini mdomoni.

Ukikataa, gauni litaenda hivyo hivyo, utalikunja mwenyewe huko kwa sindano, na nitakusindikiza kesho bila kinyongo. Malindi itakuwa nzuri vile vile. Mahamri yatakuwepo, na heroe, na maji yatakuja na kuondoka.

Nimesikia lango. Umerudi mapema kuliko nilivyofikiri, na hujapita jikoni, unavua viatu kwenye baraza. Nitakupa barua hii mkononi uisome hapo hapo kwenye ngazi. Stuli nimeisogeza karibu na dirisha kwenye mwanga. Wairimu amekaa chumba cha pili, amefunika cherehani, anajifanya anakunja nguo ambazo amekwisha zikunja.

Mimi naenda kukamua. Leo nitakamua polepole sana, mama.

Baba yako